Vyombo vya Umeme vya Mkononi na Asili ya Kanuni Zake

   Natumaini kila kikundi kimekwisha kukusanyika, redio inasikika mpaka kwa wale walioketi nyuma, na mwalimu wa darasa ana chaki yake tayari. Nawe unayelisoma somo hili katika karatasi, lisome polepole. Neno likikushinda, mwulize mwenzako. Kuuliza si aibu.

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya vyombo vya kazi vinavyokwenda kwa umeme, vile ambavyo mtu hushika mkononi: drili, grainda, msumeno wa umeme na randa ya umeme. Tutatazama vilitoka wapi, vilifikaje kwetu, na kanuni za kuvitumia kwa usalama zilitoka wapi.

Nianze na jambo nililoliona mwenyewe. Katika darasa moja la Moshono alikuwapo mzee mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma. Jina lake sitalitaja. Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Jioni moja tulikuwa tukisoma namba kubwa, zile za maelfu, nami nilikuwa nimewaomba wanafunzi waje na kitu chochote chenye namba. Mmoja alileta mfuko wa saruji, mwingine risiti ya umeme. Mzee huyu alileta diski mbili za grainda, moja ndogo na moja kubwa.

Akasoma ile ndogo: elfu kumi na tatu na mia tatu. Akasoma ile kubwa: elfu sita mia sita na hamsini. Kisha akauliza, "Mwalimu, mbona kubwa ina namba ndogo?"

Nikamweleza kwamba namba hiyo ni mizunguko ya diski kwa dakika moja, na kwamba haifai kuipita. Mzee akanyamaza kidogo. Halafu akatueleza kwamba miaka iliyopita alikuwa ametoa kinga ya grainda yake ndogo ili diski kubwa ipate kuingia. Diski ikapasuka, ikaondoka na vidole viwili. Akaitazama tena ile diski mkononi, akasema, "Kumbe ilikuwa imeandikwa."

Ndugu zangu, wazee walituachia methali: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kanuni nyingi za usalama ni methali hiyo iliyoandikwa kwa namba na alama. Mtu fulani, mahali fulani, aliumia au alikufa. Watu wakatafuta sababu, wakaiandika ili wewe usiumie kwa njia ile ile. Asiyeisoma hana budi kujifunza kwa mwili wake mwenyewe.

VYOMBO VYA WAZEE WETU

Kabla ya umeme kila chombo kilikwenda kwa nguvu za mikono. Seremala alikuwa na msumeno, randa, patasi, tezo na keekee ya kutobolea. Mhunzi alikuwa na nyundo, mivukuto na tupa. Katika nchi hii ya Mlima Meru, Waarusha husema lugha moja na Wamaasai. Kwa Wamaasai uhunzi ulikuwa kazi ya watu maalumu walioitwa Ilkunono, na mtoto aliirithi kwa baba yake.

Vyombo hivyo navyo viliumiza watu. Lakini vilikuwa na tabia mbili njema. Kwanza, mkono ukisimama, chombo kinasimama. Pili, hatari yake ilionekana kwa macho: makali ya shoka huonekana, na chuma chenye moto huwa chekundu. Tena kijana hakupewa chombo siku ya kwanza. Alikaa na fundi miaka mingi, akivukuta, akishika taa, akifagia, huku akitazama. Usalama haukuandikwa popote, lakini ulifundishwa.

Yakumbukeni mambo hayo matatu: chombo husimama pamoja na mkono, hatari huonekana, na fundi hufundishwa. Umeme uliyabadili yote matatu.

JINSI UMEME ULIVYOINGIA MKONONI

Mwaka 1821 Mwingereza mmoja, Michael Faraday, alionyesha kwamba umeme waweza kuzungusha kitu. Mwaka 1831 akaonyesha kinyume chake, kwamba sumaku ikiendeshwa karibu na waya, umeme huzaliwa ndani ya waya. Mota zote na mitambo ya kuzalisha umeme tuliyo nayo leo zimejengwa juu ya mambo hayo mawili.

Katika viwanda vya zamani vya Ulaya kulikuwa na mashine moja kubwa ya mvuke. Ilizungusha mhimili mrefu uliopita juu chini ya dari, na kutoka kwenye mhimili huo mikanda ya ngozi ilishuka kuzungusha mashine moja moja. Mashine ilikaa mahali pake, mtu akaifuata. Mwaka 1895 kampuni ya Fein, katika mji wa Stuttgart huko Ujerumani, ilitengeneza drili ya umeme ambayo mtu aliweza kuibeba. Tangu hapo mashine ikaanza kumfuata mtu.

Mwaka 1917 huko Marekani, kampuni ya Black & Decker ilipata hati ya kulinda ubunifu wa drili yenye mpini kama wa bastola, na kitufe cha kubonyeza kwa kidole. Kitufe hicho ni kitu kidogo, lakini kilirudisha kidogo ile tabia njema ya vyombo vya wazee wetu: kidole kikiachia, umeme unakatika na mashine inaanza kusimama. Basi fundi anayefunga kitufe kwa kamba au kwa mpira ili asichoke kidole, anatupa kinga iliyopatikana zaidi ya miaka mia iliyopita.

Mwaka 1954 kampuni nyingine ya Ujerumani ikatoa grainda ya mkono yenye kichwa kilichopinda, ile tunayoiona leo kila kibanda cha chuma. Jina la mashine zake ni Flex, na Wajerumani wengi mpaka leo huita grainda yoyote kwa jina hilo.

UMEME WAFIKA KWETU

Katika nchi yetu umeme uliletwa na Wajerumani, Dar es Salaam, mwaka 1908. Ulitumika katika karakana za reli na katika sehemu ya mji walimokaa wenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliushika, na mwaka 1920 ukawekwa chini ya idara ya serikali. Mwaka 1931 kazi hiyo ikatolewa kwa makampuni mawili, moja la Dar es Salaam na wilaya yake, na jingine lililoitwa TANESCO. Katika miaka hiyo ya 1930 maporomoko ya Mto Pangani yalianza kuzungusha mitambo, na mashamba ya mkonge ya Tanga yakapata umeme.

Karibu na kwetu hapa, katika Mto Kikuletwa unaopokea maji ya Meru na ya Kilimanjaro, kilijengwa kituo kidogo cha umeme katika miaka hiyo hiyo ya 1930. Kituo kile kilikwisha kuacha kazi yake ya zamani, nacho kiko mikononi mwa Chuo cha Ufundi Arusha kwa ajili ya mafunzo. Chuo hicho kilianza mwaka 1978.

Baada ya Uhuru nchi ilijenga vituo vikubwa zaidi: Hale mwaka 1964, na Kidatu mwaka 1975. Baadaye serikali iliona kwamba vijiji vimeachwa nyuma. Sheria ikatungwa mwaka 2005, na mwaka 2007 Wakala wa Nishati Vijijini, tunayoiita REA, ikaanza kazi ya kupeleka umeme vijijini.

Sasa angalieni njia ambayo umeme ulipita. Ulianza katika karakana za reli, ukaenda katika mashamba makubwa na viwanda, mwisho ukafika katika kibanda cha mabati kando ya barabara. Huko karakanani na viwandani, pamoja na makosa yao yote, palikuwa na msimamizi, palikuwa na fundi mkuu wa umeme, na palikuwa na sheria ukutani. Ulipofika kibandani, nguzo ilifika, waya ulifika, drili na grainda zikafika kutoka dukani. Msimamizi hakufika.

Tembea leo kutoka Moshono kwenda mjini. Utawaona vijana wakichomelea mageti na maseremala wakipiga randa mbao za vitanda. Ni kazi ya heshima, nayo inalisha nyumba nyingi. Lakini wengi wao walipewa mashine siku ya kwanza, bila ile miaka ya kutazama. Mashine ilifika kabla ya somo lake, na ndiyo sababu tunalifuata somo lenyewe leo.

(Mwalimu wa darasa: andika ubaoni maneno haya matatu, VOLTI, AMPEA, KINGA. Wanafunzi wayasome kwa sauti.)

HATARI YA KWANZA: UMEME USIOONEKANA

Umeme wa majumbani kwetu una msukumo wa volti 230. Wingi wa umeme unaopita katika waya hupimwa kwa ampea. Ampea moja ukiigawa mara elfu unapata miliampea elfu moja.

Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha California, mwalimu mmoja jina lake Charles Dalziel alitaka kujua ni umeme kiasi gani humfanya mtu ashindwe kuachia waya. Aliwapima watu waliojitolea. Aliona kwamba kwa wastani mwanamume hushindwa kuachia umeme ukifika miliampea 16 hivi, na mwanamke miliampea 10 na nusu. Sisi husema, "Umeme umemnasa." Kwa kweli ni misuli yake mwenyewe iliyokaza, na mkono umefumba juu ya kitu kile kile kinachomwua.

Miliampea 30 zikipita kifuani kwa muda zaweza kuua. Je, hizo ni nyingi? Taa ndogo ya wati 7 hutumia kiasi kama hicho. Grainda ya wati 800 hutumia ampea tatu na nusu, yaani miliampea 3,500. Kwa hiyo ndani ya mashine uliyoishika mna umeme zaidi ya mara mia ya ule unaotosha kuua.

Watu husema, "Lakini nina fyuzi." Fyuzi ya ampea 13 hupitisha miliampea 13,000 bila kukatika. Iliwekwa ili waya usiungue na nyumba isishike moto. Haikuwekwa kwa ajili ya moyo wa mtu. Kwa hiyo watu walitafuta kinga nyingine tatu.

Kinga ya kwanza ni waya wa ardhi. Mashine yenye mwili wa chuma huunganishwa na chuma kilichozikwa ardhini. Waya wa ndani ukichubuka na kugusa mwili wa mashine, umeme hupata njia ya kwenda ardhini na fyuzi hukatika, badala ya umeme kumngoja mtu aushike. Mwaka 1947 Waingereza walipanga plagi ya miguu mitatu tunayoitumia mpaka leo. Mguu wa ardhi ulifanywa mrefu kuliko mingine ili uwe wa kwanza kuingia, tena ndio unaofungua vifuniko vya matundu mawili ya chini, ili mtoto asiingize kitu humo. Sasa fikiri yule anayechomeka njiti ya kiberiti au kalamu katika tundu la juu, apate kuingiza plagi ya miguu miwili au nyaya tupu. Kwa njiti moja ameshinda kinga mbili.

Kinga ya pili ni mfuniko wa mara mbili. Drili na grainda nyingi za leo zina mwili wa plastiki, na ndani yake mna kizuizi kingine tena. Hizo hazihitaji waya wa ardhi. Utazitambua kwa alama iliyo katika kibao cha mashine: mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Lakini kumbuka, mwili huo ukipasuka, kinga imepasuka pia. Utepe wa plastiki haurudishi kinga.

Kinga ya tatu ilizaliwa katika Afrika yetu. Mwaka 1955 huko Afrika Kusini, mhandisi Henri Rubin alitengeneza kifaa kwa ajili ya migodi ya dhahabu. Kifaa hicho hulinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Ukipungua unaorudi, maana yake mwingine umevuja, labda kwa kupitia mwilini mwa mtu, nacho hukata mara moja. Katika mji wa wachimbaji uitwao Stilfontein ilitokea ajali ya umeme nyumbani, na mwaka 1957 na 1958 nyumba nyingi za mji huo zikafungiwa vifaa vya namna hiyo. Dalziel naye alitengeneza chake Marekani mwaka 1961. Siku hizi mafundi wetu hukiita kwa herufi RCD. Kile cha kulinda watu huandikwa 30 mA, yaani miliampea 30, na usoni kina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze mara kwa mara. Kikiwa kizima, umeme utazimika. Usipozimika, mwite fundi.

Kwetu Moshono jambo hili lina uzito wa pekee wakati wa masika. Udongo hulowa, viatu hulowa, na waya wa ekstensheni hupita matopeni. Mtu aliyesimama juu ya udongo uliolowa amekwisha kuwa njia nzuri ya umeme kwenda ardhini. Kazi ya drili au grainda nje wakati wa mvua haifai kabisa.

HATARI YA PILI: KITU KINACHOZUNGUKA

Turudi kwa mzee wetu na diski zake. Diski ndogo ya milimita 115 imeandikwa mizunguko 13,300. Diski kubwa ya milimita 230 imeandikwa mizunguko 6,650. Mbona zinatofautiana?

Chukueni mfano wa watoto wanaocheza kwa kuzunguka wakishikana mikono. Yule wa katikati hutembea tu, lakini yule wa mwisho hana budi kukimbia sana. Ukingo wa diski ni kama yule mtoto wa mwisho. Diski ikiwa pana zaidi, ukingo wake hukimbia zaidi kwa mizunguko ile ile. Diski zote mbili zilitengenezwa ili ukingo usipite mita 80 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa kilomita 288 kwa saa, zaidi ya mara tatu ya mwendo wa basi la Dar es Salaam.

Grainda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Ukiifunga diski kubwa, ukingo wake unafika mita 132 kwa sekunde. Diski ilijengwa kwa 80, nawe umeilazimisha kwenda 132. Ikipasuka, kila kipande kinaruka kwa mwendo huo. Tena kinga haipo, kwa sababu iliondolewa ili diski ienee.

Kwa hiyo kinga ya grainda si pambo la dukani. Iliwekwa kati ya diski na mwili wako, na yafaa ibaki hapo. Huko Uingereza waliona ajali za mawe ya kusagia kuwa nyingi kiasi cha kutunga kanuni maalumu za mawe hayo mwaka 1970.

Soma pia ile pete ndogo ya chuma katikati ya diski. Nyingi zimeandikwa mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika. Gundi inayoshika diski huzeeka, na unyevu huiharibu. Diski iliyolowa, iliyoanguka, au iliyopitwa na tarehe, itupe. Bei ya diski mpya ni ndogo kuliko nauli ya kwenda hospitali.

Kuna desturi nyingine mbaya: kufunga msumeno wa mbao katika grainda. Meno ya msumeno hushika mbao kwa ghafula, na mashine huruka kumrudia aliyeishika. Grainda ni ya chuma na mawe. Mbao ina msumeno wake.

Diski na drili hushika pia nguo. Shuka, kanga, skafu, mikono mirefu isiyofungwa, nywele ndefu na glavu pana, vyote vyaweza kuvutwa. Na usisahau vumbi. Ukikata mawe au vigae, vumbi lake laini huingia mapafuni na kukaa humo miaka. Simama upande upepo unakotoka, ujifunike pua na mdomo kwa barakoa iliyo nzuri.

SHERIA NAYO INA HISTORIA

Katika nchi yetu Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950 ndiyo iliyotumika miaka mingi. Mwaka 2003 ikafuatwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inayosimamiwa na Wakala uitwao OSHA. Mwaka 2008 ikatungwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, nayo ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa fidia. Kwa hiyo wewe uliyeajiriwa una haki ya kupewa vifaa vya kinga na kufundishwa kazi. Nawe uliyemwajiri kijana wa jirani hapo kibandani, hata akiwa mmoja, jua kwamba una wajibu.

Moshono inajua uzito wa jambo hili. Mwezi wa Aprili 2013 kifusi cha machimbo ya moramu kiliporomoka hapa na kuua watu zaidi ya kumi. Haikuwa ajali ya umeme. Lakini walikuwa watu waliotoka nyumbani asubuhi kwenda kutafuta riziki, hawakurudi. Sheria iliyo katika kitabu haiwezi kuja kibandani kwa miguu yake. Inaletwa na mtu aliyeisoma.

KANUNI ZA KUSHIKA

Sasa tuziseme kanuni zenyewe kwa ufupi. Mwalimu wa darasa azisome moja moja, na wanafunzi wazinakili.

1. Soma kibao cha mashine kabla ya kuichomeka: volti, mizunguko, na alama ya miraba miwili.
2. Kagua waya toka plagi mpaka mpini. Waya uliochubuka ubadilishwe. Usifungwe kwa mfuko wa nailoni.
3. Tumia plagi nzima. Usichomeke nyaya tupu katika soketi.
4. Linganisha namba ya diski na namba ya mashine. Namba ya diski isiwe ndogo kuliko ya mashine.
5. Usiondoe kinga. Ielekeze kati yako na diski.
6. Vaa miwani ya kinga, viatu vilivyofunika vidole, na nguo zisizoning'inia. Ziba masikio kazi ikiwa ndefu.
7. Shika mashine kwa mikono miwili. Kipande unachokikata kifungwe kwa jiliwa, kisishikwe kwa mguu wala na mtoto.
8. Ondoa petroli, rangi na maranda mahali cheche zinapoangukia.
9. Kabla ya kubadilisha diski au msumari wa drili, chomoa plagi. Kuzima peke yake hakutoshi.
10. Usiweke mashine chini mpaka imesimama kabisa.

Na mtu akinaswa na umeme? Usimguse. Ukimgusa, mtakuwa wawili. Zima swichi kuu au chomoa plagi. Ikiwa haiwezekani, simama juu ya ubao mkavu, umsukume atoke kwa mti mkavu. Akiwa hapumui, aliyefundishwa huduma ya kwanza aanze kumbonyeza kifua na kumpulizia, na wengine watafute gari. Hata akiinuka na kusema amepona, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana umeme waweza kuudhuru moyo bila kuacha alama juu ya ngozi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja mambo matatu ya vyombo vya wazee wetu ambayo umeme uliyabadili.
2. Kwa nini fyuzi haiwezi kumlinda mtu?
3. Grainda imeandikwa mizunguko 11,000. Diski imeandikwa 6,650. Je, waweza kuifunga? Eleza sababu.
4. Ni kinga gani mliyoiona imeondolewa katika vibanda vya mtaani kwenu? Nani atakwenda kusema na mwenyewe, na atasemaje bila kumvunjia heshima?

Swali la nne ndilo kubwa. Mzee wetu wa Moshono amekwisha kulijibu kwa njia yake. Ameichora namba 6,650 kwa chaki juu ya mlango wa kibanda chake, na kila kijana anayekuja kujifunza kazi hana budi kueleza maana yake kabla ya kupewa grainda.

Kazi ya nyumbani ni hii. Kila mmoja atafute chombo kimoja cha umeme, nyumbani au kwa jirani. Kiwe kimechomolewa. Asome kibao chake, anakili namba zote na alama zote, alete darasani. Asiyeweza kusoma neno fulani alinakili hivyo hivyo lilivyo, nasi tutalisoma pamoja.